Aliyeshika Futi: Kweli na Uongo Kuhusu Chapa za Wanawake Uchi

Mjini Kampala, picha ya mwanamke asiye na nguo huzua madai yaleyale, iwe imetundikwa Nommo, jumba la sanaa la taifa lililoko Nakasero tangu 1964, au inapita tu kwenye simu ndani ya teksi. Tuyapime.

“Chapa za zamani zinaonyesha bibi zetu walivyokuwa.” Uongo. Kitabu cha 1863 cha mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke ndicho kilichowaonyesha wasomaji wengi wa Uingereza sura ya Buganda. Picha zake nyingi zilitokana na michoro ya mwenzake wa safari, James Grant. Lakini Speke alifika kwa Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, Februari 1862, huku Grant akiuguza mguu katika ufalme wa Karagwe. Grant alimfuata mwishoni mwa Mei, hivyo miezi ile ya mwanzo hakuiona. Kisha Johann Baptist Zwecker, Mjerumani wa London ambaye hakuwahi kuiona Buganda, akaichora michoro hiyo upya ili ichongwe kwenye mbao na kupigwa chapa. Basi kati ya mwanamke na karatasi kulikuwa na mkono wa Grant, wa Zwecker, wa mchongaji, na jicho la mchapishaji aliyejua msomaji wake anapenda nini.

“Waganda walitembea uchi mpaka wazungu walipokuja.” Uongo mtupu. Lubugo, gome la mti wa mutuba lililopondwa likawa kitambaa, lilivaliwa vizazi na vizazi. UNESCO ililitambua 2005. Speke mwenyewe aliandika kwamba mwanamume aliyechutama mbele ya Kabaka akaonyesha mguu aliweza kuuawa. Hata hivyo aliandika pia kwamba wanawake watu wazima waliomhudumia Kabaka walikuwa uchi. Kwa hiyo tusijitakase kupita kiasi: jicho la kiume halikushuka melini na Speke.

“Uchi wa Mzungu ni sanaa, wa Mwafrika ni elimu.” Hili ndilo lenye mizizi mirefu, na ni uongo pande zote mbili. Chapa mashuhuri ya Albrecht Dürer, iliyotoka 1538, miaka 10 baada ya kifo chake, inamwonyesha mchoraji nyuma ya fremu ya nyuzi. Upande wa pili amelala mwanamke, nguo imemteleza. Mwanamume anamhamisha, mraba kwa mraba, mpaka kwenye karatasi. Na chapa hiyo ilitoka katika kitabu cha kufundisha vipimo! Zaidi ya miaka 300 baadaye, huko Karagwe, Speke alimpima shemeji wa mfalme Rumanika, mmoja wa wanawake walionyweshwa maziwa mpaka wakanenepa sana, kwa kuwa ndio uliokuwa uzuri wa ikulu. Mkono, kifua, paja, vyote vikaandikwa. Unene wa mkono peke yake ulikuwa kama sentimita 58. Mmoja alitumia nyuzi, mwingine futi. Mimi sioni tofauti kubwa.

“Sheria ya 2014 ilikataza sketi fupi.” Uongo. Sheria ya Kupinga Ponografia haikutaja sketi hata mara moja. Baadhi ya walioitafsiri hivyo ni wanaume wa mitaani waliowavua wanawake nguo hadharani eti kulinda heshima. Februari ya mwaka huo wanawake waliandamana kwenye Jumba la Taifa la Maigizo, chini ya kilima cha Nakasero. Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ikabatilisha vifungu muhimu vya sheria hiyo.

“Chapa ni kazi ya wanaume.” Uongo, na jibu lake ni fupi: Theresa Musoke. Alitoka Chuo Kikuu cha Makerere akaenda kusomea chapa Royal College of Art, London. Katika Mary Stuart, bweni la wanawake la Makerere, alichora ukutani picha kubwa kuhusu kuzaliwa na uhai mpya. Hapo mwili wa mwanamke una kazi nyingine kabisa.

“Wanaotazamwa hawatazami.” Hapa turudi Karagwe. Ili yule shemeji akubali kupimwa, Speke alijitolea kumwonyesha miguu na mikono yake mwenyewe bila nguo. Mwanamke akakubali, naye akatazama. Mwanzoni mwa kitabu chake ipo picha ya Speke. Amevaa nguo kamili.