Jicho la punda likiharibika: lini linaokolewa, lini linatolewa

Leo tuongelee jicho la punda. Huku kwetu Tarime na kwa wenzetu wa Serengeti mnyama akitajwa ni ng'ombe tu, wakati maji na magunia ya mahindi anabeba punda. Farasi hatuna, ila punda ni ndugu yake, na jicho lao limeundwa vilevile. Mimi sio daktari, lakini haya tunatakiwa kuyajua wote.

Mara nyingi tatizo linaanza kidogo tu: mwiba, bua kavu la mahindi, au fimbo ya usoni. Konea, yaani kile kioo cha mbele ya jicho, inachubuka, bakteria wanaingia, kinakuwa kidonda. Utaona punda anafumba jicho, machozi yanatiririka, jicho linakuwa na ukungu. Hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo, sio ya kusubiri mpaka siku ya mnada.

Sasa hapa ndipo tunapoharibu. Mtu anatia chumvi, mwingine anachukua matone yaliyobaki ya babu. Baadhi ya matone yana steroidi, kwa mfano deksamethasoni. Kwenye jicho lenye kidonda dawa hiyo inazuia kupona, na konea inaweza kuyeyuka mpaka ikatoboka. Daktari wa mifugo anaanza kwa kuweka rangi maalum, na penye kidonda panabaki kijani. Akishajua, anatoa antibayotiki ya jicho, ya kuweka mara kadhaa kwa siku, na dawa ya maumivu. Kidonda kikiwa kirefu, anaweza kukata kipande cha ngozi laini inayofunika weupe wa jicho na kukishonea pale kama kiraka, kipeleke damu ya kuponya.

Jicho likishatoboka na kuoza, au kansa ikilishika lote, linatolewa. Punda anapewa dawa ya kumtuliza, anachomwa ganzi kuzunguka jicho, jicho linatolewa na kope zinashonwa pamoja. Farasi wengi wanafanyiwa hivyo wakiwa wamesimama. Nyuzi zinakaa kama wiki mbili, na nzi wasiguse kidonda.

Najua kuna atakayesema, "punda chongo wa nini?" Ndugu yangu, macho ya punda yako pembeni ya kichwa, kwa hiyo jicho moja linaona karibu upande wake wote. Wengi wakishazoea wanarudi kazini. Wewe msemeshe kabla ya kumgusa, na usimtokee upande asioona. Kinachomtesa ni lile jicho bovu lililoachwa kichwani, linauma usiku na mchana.

Upasuaji huu sio wa fundi mwenye wembe. Sheria ya Veterinari ya 2003 inataka daktari aliyesajiliwa. Anza na ofisa mifugo wa kata, akuunganishe na daktari wa wilaya, Tarime au Mugumu. Na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inakataza kumtesa mnyama.

Februari 2024 Umoja wa Afrika ulipitisha kusimamisha kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi, kwa kuwa walikuwa wanapungua. Tusiwamalize wenyewe kwa uzembe wa jicho.

Mdau mwenye uzoefu, tiririka hapo chini kwenye maoni.