Koleksiyo za wabunifu wakubwa: namna ya kuziangalia bila kuzikopiya

Katika atelie nyingi za Bukavu, Goma, Butembo ao Bunia, kazi inaanza na simu. Mteja anafungua foto ya robe iliyovaliwa Paris ao Lagos, anasema: «Unishonee hii hii.» Mshonaji anashona. Kesho jirani naye anashona ileile, kwa bei ya chini kidogo. Njo maana washonaji wengi wana mkono mzuri lakini hawana jina. Hakuna nguo ambayo watu wakiiona barabarani watasema: hii imetoka kwa fulani.

Anayetaka kutoa mavazi ya jina lake anaweza kujifunza kwa wakubwa, lakini si kwa foto moja. Koleksiyo ni mavazi mengi yanayotoka pamoja, mara nyingi 30 ao zaidi, na yote yanazunguka wazo moja. Afazali kuangalia defile nzima, tena mara mbili, na kuandika kwenye daftari kinachorudi-rudi: rangi gani, mabega namna gani, urefu, kitambaa. Kinachorudi njo wazo. Kiisha simu ifungwe, achore bila kuiangalia.

Wakubwa wenyewe wanafanya hivyo. Mwaka 1967, Yves Saint Laurent alitoa Paris koleksiyo ya rafia na shanga za mbao, akiwa ameangalia Afrika. Kumbe wakati sisi tunaangalia Paris, Paris nayo ilikuwa inaangalia huku!

Mfano mwingine unatugusa zaidi. Mwezi wa tano 2020, wakati wa Covid, Anifa Mvuemba, binti wa wazazi Wakongomani anayefanya kazi Marekani, alionyesha koleksiyo yake Pink Label Congo kwenye Instagram. Kwa kazi ya kompyuta, robe zilitembea zenyewe, bila mwili wa mtu ndani. Kabla ya mavazi, alionyesha filamu fupi juu ya machimbo ya koltani. Robe moja ilibeba rangi za bendera yetu. Mwenye kukopiya atachukua ile robe. Mwenye kujifunza atajiuliza: na mimi hapa, ninaona nini kila siku? Kuko jiwe jeusi la volkano Goma, kuko nyavu za wavuvi wa sambaza, kuko michoro ya vitunga vya bamama.

Halafu kuko kitambaa, na hapa wengi wanaanguka. Modeli iliyobuniwa kwa hariri inateremka kama maji. Ukiishona kwa kikwembe cha waksi, inasimama kama kartoni. Basi umbo libadilike: mikunjo mikubwa, mikono ya kuvimba, sketi pana, vitu ambavyo waksi inavipenda. Tena ua kubwa linapaswa kukaa katikati ya kifua, na hilo linakula kitambaa. Ni vema kuhesabu mbele ya kukata zile yadi 6.

Mteja wa foto naye asifukuzwe, yeye njo analipa nyumba. Aulizwe tu: hapa unapenda nini, shingo, mkono ao rangi? Mara nyingi anaonyesha mkono peke yake.

Modeli 5 ao 6 zinatosha kwa kuanza, kila moja na patro yake ya karatasi. Sheria ya Congo ya tarehe 7 Januari 1982 juu ya mali ya viwanda inalinda pia michoro na modeli mpya, kama mwenyewe ameziandikisha.