Mawingu ya Juni si Mvua: Yanayomhusu Mwenye Bustani Chechelesi

Mvua za masika zinapokwisha mwezi wa Mei, bustani nyingi za Chechelesi huwa bado za kijani. Sukuma wiki imesimama, kunde zimetambaa, na udongo ukichimbwa kidogo bado una unyevu. Asubuhi kuna ubaridi. Upande wa kusini, mawingu mazito hukaa juu ya Mlima Kenya na milima ya Nyambene, na mtu akiyatazama huona kama mvua imebaki kidogo tu ifike.

Wenye bustani wengi hukosea hapo. Mawingu hayo yakionekana, mbegu hununuliwa, miche ya nyanya hupandwa, na maji yaliyo kwenye tenki huhesabiwa kuwa ya kusubiria mvua ya wiki ijayo. Mvua hiyo haiji. Ifikapo Julai, mitungi ya kumwagilia hutolewa kwenye maji ya kunywa na ya kupikia, au bustani huachwa ikauke kabla ya kuvunwa.

Makala haya yanaeleza kwa nini hali ya hewa ya mwanzo wa kiangazi huwa hivyo katika mji wa Isiolo, na jinsi mwenye bustani anavyoweza kupanga maji yake kabla ya kupanda.

Mlima unavyozuia mvua

Kuanzia Juni hadi Septemba upepo huvuma kutoka Bahari ya Hindi, upande wa kusini-mashariki. Watu wa Pwani huuita kusi. Upepo huo hubeba unyevu mwingi, lakini kabla ya kufika Isiolo hukutana na Nyambene na Mlima Kenya, ambao una kimo cha mita 5,199. Hewa ikipanda mlima hupoa, unyevu hugeuka mawingu, na manyunyu huanguka huko juu na upande wa pili.

Inaposhuka upande wa Isiolo, mji ulio kwenye kimo cha takriban mita 1,100, hewa hiyo imekwisha kupoteza sehemu kubwa ya maji yake. Kadiri inavyoshuka ndivyo inavyopata joto na kuzidi kukauka. Ndiyo maana mkazi wa Chechelesi anaweza kuona mawingu siku nzima na bado akafunikwa na vumbi. Mawingu anayoyaona ni ya mlima.

Wafugaji wa eneo hili wanaujua msimu huu tangu zamani. Waborana huuita adolessa, majira ya ubaridi na ukavu yanayofuata mvua za ganna. Wasomali huuita hagaa. Majirani wasikilizane vizuri hapa, kwa sababu Waborana wana neno linalofanana na hilo, hagaya, na maana yake ni mvua za vuli. Anayesikia "panda wakati wa hagaya" akadhani ni hagaa atakuwa amepanda miezi kadhaa kabla ya wakati.

Utabiri wa nani, na "kawaida" ni nini

Kosa la pili hutokana na kusikiliza utabiri usio wa hapa. Katika miezi hii Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutangaza ubaridi, mawingu na mvua nyepesi katika nyanda za juu, zikiwemo sehemu za Meru na Nanyuki. Ni mwendo mfupi kutoka Isiolo kwa matatu, lakini hali ya hewa ni nyingine kabisa. Katika utabiri wa msimu, Isiolo huwekwa pamoja na Marsabit, Wajir, Mandera na Garissa. Hilo ndilo fungu la kusikilizwa.

Kuna pia neno "kawaida". Utabiri ukisema Isiolo itapata "mvua ya kiwango cha kawaida" kati ya Juni na Agosti, baadhi ya wasikilizaji hufurahi. Lakini kawaida hupimwa kwa wastani wa miaka mingi wa miezi hiyohiyo. Mjini Isiolo miezi ya mvua nyingi ni Aprili na Novemba, na kati ya Juni na Septemba wastani ni milimita chache tu kwa mwezi. Kwa hiyo mvua ya kawaida mwezi wa Julai, kwa mwenye bustani wa Chechelesi, ni karibu sawa na kutokuwa na mvua.

Taarifa nyingine ya kufuatwa ni ile ya kila mwezi ya Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, NDMA. Hiyo huonyesha kaunti iko katika hatua gani: kawaida, tahadhari, hatari, dharura au kufufuka. Wakazi hawajasahau misimu mitano mfululizo ya mvua iliyokosa kutosha, kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, wala mafuriko yaliyokuja na El Niño mwishoni mwa 2023. Kwa historia hiyo, si busara kupanga bustani kwa kukisia.

Upepo hunywa maji kuliko jua

Wengi hudhani kwamba ubaridi wa Juni unapunguza kiu ya mimea. Ni kweli kwamba jua la Februari na Machi ni kali zaidi. Lakini mmea hupoteza maji kwa sababu tatu: joto, hewa kavu na upepo. Mwezi wa Juni joto limepungua kidogo, lakini hewa ni kavu na upepo havumi kwa muda mfupi tu. Ni kama nguo kwenye kamba: siku ya upepo hukauka upesi hata kama jua limefichwa na wingu.

Katika nyanda kavu kama hizi, kitanda cha mboga zilizokomaa hupoteza takriban milimita tano hadi saba za maji kwa siku. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa hiyo kila mita ya mraba inahitaji takriban lita tano hadi saba kila siku, na hesabu yote ya kiangazi huanzia hapo.

Mfano ni huu. Nyumba inayoweza kutenga mitungi miwili ya lita 20 kwa siku kwa ajili ya bustani ina lita 40. Ikihesabiwa lita sita kwa mita, maji hayo yanatosha karibu mita saba za mraba, yaani vitanda viwili vyenye upana wa mita moja na urefu wa mita tatu na nusu. Kutoka katikati ya Juni hadi katikati ya Oktoba, wakati mvua za vuli zinapoanza kutazamiwa, ni takriban siku 120. Lita 40 mara siku 120 ni lita 4,800. Kwa maneno mengine, tenki la lita 5,000 lililojaa likitengewa bustani peke yake linalisha vitanda viwili vidogo hadi vuli, na hakuna zaidi.

Anayelima vitanda sita kwa maji ya vitanda viwili hapati mavuno ya vitanda sita kidogo kidogo. Mara nyingi hupoteza vyote. Ni afadhali kupunguza eneo mapema Juni, mimea ikiwa bado na nguvu, kuliko kuchagua mwezi wa Agosti kitanda cha kufa.

Nini cha kupanda, nini cha kusubiri

Mboga za majani zinazokomaa haraka ndizo zinazofaa zaidi kwa maji machache. Mchicha na majani ya kunde huanza kuchumwa baada ya wiki tatu hadi nne, kwa hiyo maji yakipungua hasara ni ndogo. Managu pia hustahimili. Sukuma wiki iliyopandwa wakati wa mvua tayari ina mizizi mirefu. Badala ya kupanda mipya, inafaa kuchuma majani ya chini mara kwa mara na kuitunza ile iliyopo.

Nyanya na vitunguu ni mimea ya mwenye maji ya uhakika. Ubaridi wa usiku huzifaa nyanya, kwa kuwa maua yake hushika vizuri kuliko wakati wa joto kali. Lakini nyanya hukaa shambani takriban miezi mitatu baada ya kuhamishwa kutoka kitaluni, na kitunguu hukaa zaidi ya hapo. Maji yakikatika katikati, mitungi yote iliyotangulia imepotea. Ndengu na mahindi yanayotegemea mvua yasubiri vuli.

Kupunguza kiu ya bustani

Jambo la kwanza ni kuzuia upepo. Uzio wa vijiti, mabua au wavu unaopitisha hewa kidogo ni bora kuliko ukuta mzito, kwa sababu upepo ukigonga ukuta hupanda juu na kushuka kwa kishindo upande wa pili. Uzio mzuri hupunguza nguvu ya upepo kwa umbali wa takriban mara kumi ya urefu wake, hivyo uzio wa mita moja na nusu husaidia hadi karibu mita 15. Uwekwe upande wa kusini na kusini-mashariki. Uzio huohuo ndio utakaowazuia mbuzi, ambao malisho yakipungua huyajua majani mabichi yote ya mtaa. Mbaazi na mlonge hufaa kwa uzio wa miti na huliwa pia. Mathenge usipandwe kamwe: ulitangazwa kuwa gugu hatari nchini mwaka wa 2008, na ukishaota ni vigumu kuung'oa.

Jambo la pili ni matandazo. Nyasi kavu, mabua au majani yaliyotandazwa kwa unene wa vidole vinne huzuia jua na upepo kufika kwenye udongo. Yatandazwe sasa, udongo ukiwa bado na unyevu wa masika. Yakiwekwa juu ya udongo uliokwisha kukauka, hayana cha kulinda. Kuzunguka shina paachwe nafasi kidogo ili mmea usioze, na mchwa wachunguzwe mara kwa mara.

Jambo la tatu ni umbo la kitanda. Tuta lililoinuliwa ni la msimu wa mvua. Wakati wa kiangazi kitanda kichimbwe kiwe chini ya usawa wa ardhi kwa sentimita 10 hadi 15, ili maji yasitiririke na upepo upite juu ya miche. Asiye na eneo anaweza kutumia gunia lililojazwa udongo na samadi iliyooza, lenye nguzo ya mawe katikati ya kupitishia maji.

Kuhusu kitalu cha miche, jua la Juni liko upande wa kaskazini. Kivuli cha mchana huangukia kusini mwa nyumba, na ukuta wa mita mbili na nusu hutoa kivuli cha takriban mita moja. Hapo panafaa miche, lakini ndipo upepo unapotokea, kwa hiyo uzio mdogo ni lazima.

Kumwagilia kufanywe asubuhi na mapema kabla upepo haujashika kasi, au jioni. Kidole kikitumbukizwa hadi kifundo cha pili na kukuta unyevu, kitanda hicho kingoje kesho. Maji yaingie chini kwenye mizizi. Kunyunyiza juu juu kila siku huifanya mizizi ibaki karibu na uso wa ardhi, na pale ambapo maji ya kisima yana chumvi, huacha ukoko mweupe. Maji ya kuoshea mboga na vyombo, yasiyo na dawa ya kung'arisha nguo, yanaweza kumwagwa kwenye udongo, si kwenye majani, na si kwa mboga zinazoliwa mbichi.

Vumbi huleta mdudu wake. Utitiri mwekundu hupenda majani makavu yenye vumbi, hasa ya nyanya. Jani likianza kuwa na vidoadoa vya manjano, upande wa chini utazamwe kabla ya kukimbilia dawa. Majani yaliyoathirika sana yang'olewe na kuchomwa.

Maji ya mto ni ya wengi

Mto Isiolo unatoka kwenye miteremko ya Mlima Kenya, na katika kiangazi maji yake hupungua huku wanaoyahitaji wakiongezeka. Chini zaidi wapo wafugaji wanaoyasubiri kwa mifugo yao. Chini ya Sheria ya Maji ya 2016, mtu anaweza kuchota kwa mtungi kwa matumizi ya nyumbani bila kibali. Anayetaka kuweka pampu au kuchimba mfereji anahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na ni vyema aanze kwa kuzungumza na chama cha watumiaji maji cha eneo lake.

Wenye nyumba za mabati wana kazi ya kumalizia kabla ya Oktoba: kurekebisha mifereji ya paa na kusafisha tenki. Paa la mita 30 za mraba likipata mvua ya milimita 20 hupokea lita 600, na hata baadhi yake zikipotea, mvua moja ya namna hiyo huleta zaidi ya mitungi 20. Mfereji uliotoboka mwezi wa Juni hausumbui mtu. Mwezi wa Novemba, kila tone linalopita kwenye tundu hilo ni maji yatakayotafutwa kiangazi kinachofuata.