Mwani unaoogelea wapima mashine ya damu

Msomaji, tuanzie Lokiriama, huko Loima mpakani na Uganda. Mtoto ana homa isiyokoma, tumbo limevimba. Daktari atashuku kalaazari, ugonjwa unaoenezwa na usubi. Lakini kushuku si kupima, na Lodwar ni mbali.

Ndiyo maana wataalamu wanahangaikia maabara ndogo zinazoenea kiganjani. Katika aina moja, damu hupita kwenye mfereji mwembamba mno, na mawimbi ya sauti tusiyoweza kuyasikia husukuma chembe zake katikati, maji ya damu yakabaki kando.

Taabu ni kwamba sauti ikikosewa kidogo tu, chembe hazisogei ipasavyo. Nani atagundua mahali pasipo fundi?

Kwa kawaida kifaa hupimwa kwa vishanga vidogo vya plastiki. Vikishakusanyika havitawanyiki, sharti uvioshe na kumimina vingine. Mwaka 2021 timu ya Mark Meacham, Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, ilieleza jinsi ya kutumia mwani hai uitwao Chlamydomonas reinhardtii. Kila mmoja una upana wa takriban sehemu moja kwa 100 ya milimita, na mikia miwili ya kuogelea. Sauti ikiwa sawasawa, mwani hubanwa pamoja. Ikilegea, huponyoka. Ikizimwa, hutawanyika wenyewe na kipimo huanza upya.

Tusielewane vibaya: mwani huu haupimi kalaazari, wala hautibu lolote. Unapima mashine tu. Lakini mimi nikiletewa kifaa cha namna hiyo, kabla ya kumchoma mtoto sindano nitauliza kilipimwa lini, na kwa nini.