Masika ya pwani yagusa mizani ya Kigwa

Kigwa haina bahari. Iko mashariki ya mji wa Tabora, wilayani Uyui, na reli kutoka Dar es Salaam hadi Tabora ina urefu wa takriban kilometa 840. Hata hivyo mwenye duka wa Kigwa asiyefuatilia masika ya pwani huweza kujikuta hana chumvi, saruji wala mabati wiki ileile ambayo wakulima wanaanza kupokea fedha za tumbaku.

Sababu ni kalenda mbili za mvua zinazopishana. Tabora ina msimu mmoja, unaoanza Novemba na kuishia Aprili. Pwani ya kaskazini, pamoja na Unguja na Pemba, ina misimu miwili: vuli ya Oktoba hadi Desemba, na masika ya Machi hadi Mei. Kwa hiyo mvua za Kigwa zinapokaribia kwisha, za pwani ndiyo kwanza zinapamba moto. Mazao yanaanza kutoka huku, wakati njia ya kuyapeleka na kuleta bidhaa ina tope kule.

Bonde la Mkondoa

Pabaya panajulikana. Ni bonde la mto Mkondoa, kati ya Kilosa na Gulwe, ambamo reli ya kati inafuata mto kwa karibu. Mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalisomba tuta la reli katika eneo hilo, na treni zikasimama kwa miezi kadhaa. Mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998 nazo ziliharibu njia za reli na barabara sehemu nyingi za nchi.

Tatizo hilo ni la zamani kuliko reli yenyewe, iliyofika Tabora mwaka 1912. Kigwa ilikuwa kituo cha misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, na misafara hiyo ilipita bonde hilohilo. Mwezi Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja, kikazamisha vyombo na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa hicho. Siku hizo Henry Stanley alikuwa njiani kurudi pwani kutoka Unyanyembe. Aliukuta Mkondoa umefurika, na mji wa Simbamwenni, karibu na ilipo Morogoro ya leo, umebomolewa na maji.

Soko nalo lilibadilika. Pemba, ambayo haikuumia sana, ikachukua nafasi ya Unguja kama mzalishaji mkuu wa karafuu. Aliyekuwa na karafuu ghalani alipata, na aliyetegemea mikarafuu ya Unguja alisubiri miaka mingi hadi miche mipya ikomae.

Bahari inavyosomwa

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa mwelekeo wa masika kila mwaka kabla ya Machi, kwa makundi matatu: juu ya wastani, wastani na chini ya wastani. Wataalamu huangalia joto la maji ya Pasifiki na la Bahari ya Hindi. Maji ya upande wa Afrika Mashariki yakiwa na joto kuliko ya upande wa Indonesia, mvua za vuli huongezeka, hasa kukiwa na El Nino. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1997 na tena mwaka 2023. Mwaka 2019 mvua zilizidi ingawa El Nino haikuwa na nguvu. Bahari ya Hindi peke yake ilitosha.

Mfanyabiashara azingatie kwamba kanuni hiyo ni ya vuli zaidi kuliko masika. Masika hayafungamani sana na El Nino, na utabiri wake wa miezi ni mgumu zaidi. Anayenunua mzigo wa miezi mitatu kwa kutegemea neno "wastani" anacheza kamari. Mvua ya wastani kwa msimu mzima inaweza kushuka kwa siku chache tu, na siku chache zinatosha kukata tuta la reli.

Jambo la pili ni vimbunga. Pepo za kaskazi zinapolegea na kusi kuingia, kati ya Machi na Mei, bahari huwa haitabiriki. Kimbunga kilipiga Lindi mwezi Aprili 1952. Jobo kilikaribia Dar es Salaam mwezi Aprili 2021 kikafifia kabla ya kuleta madhara makubwa. Hidaya kilifika Mafia mwezi Mei 2024, na mafuriko yake yakakata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara katika eneo la Somanga. Kimbunga kikibaki mbali, upande wa Msumbiji, huweza pia kuvuta unyevu na kuacha bara likiwa kavu kwa siku kadhaa.

Bidhaa za kuangalia

Tumbaku: Tumbaku ya mvuke ya Tabora husafirishwa hadi viwanda vya Morogoro, yaani ng'ambo ya Mkondoa. Mvua za Aprili zikichelewa kwisha, jani lililokwisha kutoka kwenye mabani hunyonya unyevu stoo, huota ukungu na kushuka daraja. Chama cha msingi chenye paa linalovuja hupoteza fedha kabla mnunuzi hajafika.

Chumvi: Mashamba ya chumvi ya pwani hutegemea jua. Masika yakirefuka, uzalishaji husimama. Chumvi ya Uvinza, iliyouzwa Unyanyembe tangu enzi za misafara, hufika Tabora kwa reli ya Kigoma bila kupita Kilosa.

Mpunga na mahindi: Mavuno huongezeka kuanzia Mei. Njia ya mashariki ikifungwa, nafaka hurundikana na bei ya mkulima huanguka, huku ya Dar es Salaam ikipanda. Faida humwendea mwenye ghala kavu na uwezo wa kusubiri.

Saruji na mabati: Hununuliwa sana baada ya malipo ya tumbaku. Zifike kabla ya malipo hayo.

Gharama ya kusubiri

Chukua mfano wa mwenye duka aliyekopa shilingi 2,000,000 kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi. Mzigo ukikwama miezi miwili, anadaiwa riba ya shilingi 120,000 kabla hajauza mfuko mmoja. Kama faida aliyotarajia ni shilingi 200,000, zaidi ya nusu imekwisha kwenda na maji.

Barabara ya lami kutoka Manyoni kupitia Itigi, Chaya na Nyahua hadi Tabora imepunguza utegemezi wa reli. Lakini malori nayo hupita Morogoro. Mwezi Januari 2014 mafuriko yalikata barabara ya Morogoro hadi Dodoma katika eneo la Dumila.

Kwa hiyo wenye mitaji midogo wanashauriwa kuleta bidhaa za pwani kabla ya katikati ya Machi, kugawa mzigo mara mbili badala ya kuuweka wote katika safari moja, na kufuata utabiri wa siku kumi wa TMA kuliko ule wa msimu pindi mvua zinapoanza. Wanaonunua nafaka wakague paa la ghala kwanza, kisha ndipo waulize bei ya gunia.