Intaneti ipo, programu zinasema haipo: tatizo liko wapi?

Video inacheza kwenye kivinjari bila kukwama, magazeti yanafunguka, lakini Outlook au Spotify kwenye kompyuta mpakato hiyohiyo inaandika kwamba hakuna intaneti. Wengi wakifika hapo huzima ruta na kuiwasha, hununua bando jingine, au hubeba mashine hadi kwa fundi ili wawekewe Windows upya. Mara nyingi gharama hiyo haina sababu, kwa kuwa kilichoharibika si intaneti.

Homa si ugonjwa, ni dalili, na ujumbe wa "hakuna intaneti" uko hivyohivyo. Unamwambia mtumiaji kwamba jaribio fulani limeshindwa, bila kumwambia ni jaribio gani wala kwa nini. Kazi ya anayetafuta tiba ni kulitambua jaribio hilo.

Kompyuta inajuaje kuwa intaneti ipo?

Hakuna kifaa ndani ya kompyuta kinachopima intaneti. Tangu toleo la Vista, Windows ina kipengele kinachoitwa NCSI. Mashine inapounganishwa na mtandao, kipengele hicho huomba faili dogo kutoka anwani ya Microsoft, msftconnecttest.com. Ndani yake mna maneno matatu tu: Microsoft Connect Test. Maneno hayo yakirudi kama yalivyo, Windows huamini kwamba intaneti ipo. Yasiporudi, au ukirudi ukurasa mwingine, hutangaza kwamba haipo. Kompyuta za Apple hufanya jambo kama hilo kupitia captive.apple.com, zikitarajia neno Success. Simu za Android huuliza anwani ya Google na kungoja namba 204, yaani ombi limefika na hakuna cha kurudisha.

Hapo ndipo programu zinapoachana njia. Kivinjari kwa kawaida hakingoji ruhusa ya mtu. Ukiandika anwani, kinakwenda kuitafuta. Baadhi ya programu nyingine huiuliza Windows kwanza kama intaneti ipo. Windows ikijibu hapana, zinakata tamaa hata kabla ya kujaribu.

Ushahidi mkubwa ulionekana mwaka 2020. Watu wengi walikuwa wakifanyia kazi nyumbani kwa sababu ya Korona, na kosa ndani ya Windows 10 likazifanya kompyuta zinazotumia proksi, hasa pamoja na VPN (njia iliyosimbwa ya kufikia mtandao wa mbali), zionyeshe kwamba hazina intaneti. Teams, Outlook na programu nyingine za Office zikashindwa kuunganika. Microsoft ilitoa sasisho la dharura tarehe 30 Machi 2020. Aliyekuwa amebadilisha ruta yake wiki hiyo alitupa fedha.

Saa isiyo sahihi

Chanzo kingine hakionekani kwa urahisi: tarehe. Mawasiliano mengi ya intaneti leo hulindwa kwa vyeti vya kidijitali, na kila cheti kina siku ya kuanza na siku ya kuisha. Betri ndogo inayotunza saa ikichoka, kompyuta inaweza kuwaka ikidhani ni miaka kadhaa iliyopita. Kwa mashine hiyo, cheti halali kitaonekana hakijaanza kazi, nayo italikataa unganisho. Kivinjari kitakuonya kuhusu cheti. Programu nyingi hazielezi hivyo. Zinasema tu kwamba zimeshindwa kuunganika.

Kompyuta kuukuu zina balaa jingine la aina hiyo. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti cha msingi kilichokuwa kikitegemewa na tovuti nyingi zinazotumia huduma ya Let's Encrypt kiliisha muda, na mashine ambazo hazikuwa zimesasishwa zikaanza kukataa tovuti salama. Firefox iliendelea vizuri kwenye nyingi ya mashine hizo kwa sababu hubeba orodha yake yenyewe ya vyeti inavyoviamini. Kwa hiyo kivinjari kimoja kufungua tovuti si uthibitisho kwamba kompyuta nzima iko salama.

Proksi, VPN na antivairasi

Proksi ni seva ya kati ambayo mawasiliano hupitia. Ofisi na vyuo huitumia kihalali. Lakini mipangilio yake ikibaki baada ya mtu kuondoka ofisini, au ikiwekwa na programu hasidi, data hupelekwa mahali pasipo na wa kuipokea. Ukikuta proksi imewekwa kwa anwani 127.0.0.1 na hujui imetoka wapi, chunguza: anwani hiyo ni kompyuta yako yenyewe, na huenda kuna programu iliyojipachika katikati. VPN iliyokatika ghafla nayo inaweza kuacha njia iliyofungwa. Antivairasi, kwa upande wake, inaweza kuizuia programu moja tu na kuziacha nyingine zikipita.

Wanaochukua intaneti kutoka kwenye simu wakumbuke jambo moja zaidi. Bando la mitandao ya kijamii pekee hufungua huduma chache na kuzuia zilizobaki. WhatsApp itaendelea, lakini jaribio la Windows litagonga mwamba. Hapo kompyuta haikukosea.

Pima kwa utaratibu

Anza na kifaa kingine kwenye mtandao uleule. Nacho kikishindwa, tatizo liko nje ya kompyuta yako. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, watumiaji wa Tanzania, Kenya na nchi jirani hawakuwa na la kurekebisha nyumbani.

Kifaa kingine kikiwa sawa, tazama tarehe, saa na ukanda wa saa kwenye kompyuta yako. Kisha fungua kidirisha cha amri na uandike ping 8.8.8.8, halafu ping google.com. Namba ikijibu lakini jina lisipatikane, tatizo ni DNS, huduma inayobadili majina ya tovuti kuwa namba. Amri ya ipconfig /flushdns husafisha kumbukumbu zake za zamani. Ping zote mbili zikinyamaza, usikate shauri bado, kwa kuwa baadhi ya mitandao huzuia ping.

Halafu fungua kwenye kivinjari anwani http://www.msftconnecttest.com/connecttest.txt. Ukiona yale maneno matatu, njia ya jaribio iko wazi. Kagua proksi, VPN na antivairasi. Ukiletewa ukurasa wa hoteli au wa kampuni ya simu unaotaka uingie au ulipie, umeshapata jibu. Mwisho, sakinisha masasisho ya Windows na ya programu yenyewe. Kurejesha mipangilio yote ya mtandao kuwe hatua ya mwisho, kwa kuwa hufuta nywila za Wi-Fi ulizohifadhi na huenda ukalazimika kuweka VPN upya.

Yasiyofaa kufanywa

Wapo wanaoshauri kulizima kabisa jaribio la Windows ili ujumbe usionekane. Ushauri huo ni mbaya. Unaficha dalili, na unainyima kompyuta uwezo wa kukujulisha kwamba mtandao wa hoteli au uwanja wa ndege unataka uingie kwanza. Kuiacha antivairasi ikiwa imezimwa moja kwa moja ni hatari zaidi. Izime kwa dakika chache za majaribio, kisha uiwashe. Na usipakue programu zinazojinadi kutengeneza intaneti kwa kubofya mara moja. Zana zinazohitajika zimo tayari ndani ya Windows, bila malipo.

Ukilazimika kwenda kwa fundi, usikubali haraka kufutiwa kila kitu. Mwulize: ni jaribio gani limeshindwa? Fundi anayejua kazi yake atakuonyesha jibu kwenye kioo kabla hajagusa mafaili yako. Asiyeweza kukuonyesha, usimlipe.