Kawia Ufike: Viwanja Vidogo vya Ndege Huko Norwe

Siku hizi si ajabu tena mtoto wa kijijini kwenda Ulaya kusoma au kufanya kazi. Zamani habari zake zilikuja kwa posta; leo zinakuja kwa simu, na wazazi wengi hutuletea simu hizo ofisini kwa parokia wakiomba tuwasomee yaliyoandikwa. Ndivyo mimi karani nilivyoingia katika shauri la viwanja vya ndege vya Norwe, nchi ambayo sijaikanyaga.

Januari mwaka juzi alikuja mama mmoja wa kigango chetu. Mwanawe alikuwa anajifunza mambo ya uvuvi huko kaskazini ya Norwe, na baba wa kijana alikuwa amelazwa, hali yake mbaya. Kijana aliuliza shauri. Aliweza kununua tikiti moja ya kumfikisha tangu mji wake mdogo hadi nyumbani. Au aliweza kununua mbili mbalimbali: moja ya ndege ndogo hadi Oslo, nyingine ya ndege kubwa ya kutoka Oslo. Tikiti mbili zilikuwa rahisi zaidi, na fedha iliyobaki ingetosha dawa za mzee. Kati ya ndege na ndege palikuwa na saa moja na nusu.

Mama aliniuliza, "Mwalimu, wewe wasemaje?" Nikasema achukue zile rahisi.

Siku ya safari theluji ilianguka kwa upepo mkali. Ndege ndogo ilifika juu ya mji, ikazunguka mara mbili, rubani hakuuona uwanja, ikageuka ikaenda zake. Kijana alisafiri kesho yake. Alipofika Oslo ndege kubwa ilikwisha kuondoka tangu jana, na tikiti yake haikuwa na thamani tena. Alikopa, akanunua nyingine. Alipofika kijijini alikuta kaburi la baba yake lina siku moja.

Hakuna aliyenilaumu. Lakini tangu siku ile nimejifunza habari za viwanja hivyo, kwa vitabu na kwa kumwuliza kijana mwenyewe, ili mzazi mwingine akiniuliza nisijibu tena kwa kukisia. Haya ndiyo niliyoyapata.

NCHI YA MILIMA NA MAJI

Norwe ni nchi ndefu na nyembamba. Pamoja na Uswidi na Denmark ndizo zinazoitwa Skandinavia. Pwani yake imekatwakatwa na ghuba ndefu zinazoingia ndani ya milima, na mbele yake vimetawanyika visiwa vingi. Mtu akisimama ng'ambo ya ghuba anaweza kuona moshi wa nyumba ya jirani, lakini akitaka kumfikia kwa barabara itambidi azunguke mwendo mrefu au angoje pantoni.

Kwa hiyo watu wa pwani walitegemea meli. Mwaka 1893 zilianza safari za meli ziitwazo Hurtigruten, na mpaka leo meli za pwani husafiri kati ya Bergen na Kirkenes zikitia nanga katika bandari 34. Safari hiyo ni njema, lakini huchukua karibu juma zima. Mgonjwa hawezi kungoja juma zima.

Mwaka 1934 lilianzishwa shirika la ndege la Widerøe. Hapo kwanza lilitumia sana ndege zinazotua juu ya maji. Kisha serikali ikaona ni lazima kujenga viwanja vidogo nchi kavu. Mwaka 1968 vilifunguliwa vinne vya kwanza: Namsos, Brønnøysund, Sandnessjøen na Mo i Rana. Baadaye vikafuata vingine vingi, hata kule Finnmark, jimbo la mwisho la kaskazini.

UWANJA WA MITA 800

Vingi katika viwanja hivyo vilijengwa na njia ya kurukia ndege ya urefu wa mita 800 tu. Mpate kuelewa udogo wake: njia ya uwanja wetu wa Kilimanjaro ina mita kama 3,600. Ndege kubwa haiwezi kutua katika mita 800. Kwanza zilitumika ndege za Twin Otter, zenye nafasi ya abiria wasiofika 20. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na ndege za Dash 8 za namna ndogo, zenye viti 39 na mapanga mawili yanayozunguka. Ni ukoo mmoja na zile za Air Tanzania ambazo sisi tumezoea kuziita Bombardier, ila zile ni fupi zaidi.

Ndege hizo hufanya kazi kama basi la kijijini. Hutua mji huu, wateremke watano, wapande wanane, iruke tena. Safari nyingine kati ya mji na mji haizidi robo saa. Abiria anayekwenda mbele hukaa kitini mwake akingoja.

Je, faida inapatikana? Mara nyingi haipatikani. Katika njia zisizo na abiria wa kutosha, serikali hulipa shirika ili ndege ziendelee kuruka. Viwanja zaidi ya 40 viko chini ya shirika moja la serikali, Avinor, na mapato ya viwanja vikubwa husaidia kuviendesha vidogo. Kwa njia hiyo anayeteremka Oslo anachangia uwanja wa wavuvi ambao huenda hatauona maisha yake yote. Ndege za wagonjwa nazo hutumia viwanja hivyo hivyo kuwachukua wagonjwa na kuwafikisha kwenye hospitali kubwa.

Lakini watu hao hawachezi na upepo. Katika kisiwa cha Værøy palikuwa na uwanja uliofunguliwa mwaka 1986. Upepo wa mlimani pale ni mbaya. Mwaka 1990 ndege ilianguka, wakafa watu wote watano waliokuwamo, na uwanja ukafungwa. Siku hizi kisiwa hicho huhudumiwa na helikopta kutoka Bodø. Basi rubani anapogeuka bila kutua, asilaumiwe. Anayajua yaliyotokea.

Pengine mtasikia pia kwamba viwanja vingine havina mwongozaji wa ndege mnarani. Ni kweli. Mwaka 2015 uwanja wa Örnsköldsvik huko Uswidi ulikuwa wa kwanza duniani kuongozwa kutoka mbali, kwa kamera, na waongozaji waliokaa Sundsvall. Norwe ilifuata mwaka 2019, uwanja wa kisiwa cha Røst ukaongozwa kutoka Bodø.

JINSI YA KUPANGA SAFARI

Sasa nitaje mambo ambayo mzazi ampe mwanawe, au ayashike mwenyewe kama ataitwa huko.

Kwanza, tikiti iwe moja. Mtu mwenye tikiti moja ya safari nzima, ndege ya kwanza ikichelewa na ya pili ikamwacha, ni wajibu wa shirika kumtafutia nyingine. Mwenye tikiti mbili mbalimbali hana wa kumdai. Shirika la pili litasema hakutokea. Tena sheria ya Ulaya, ambayo Norwe nayo huifuata, yasema kwamba anayeondoka katika uwanja wa huko akakwama kwa muda mrefu apewe chakula, na akilazimika kulala apewe mahali pa kulala, hata kama kilichozuia ni theluji. Asione haya kuuliza.

Pili, aanze kuhesabu kutoka mwisho. Watu wengi hutazama ndege kubwa kwanza. Sivyo. Mji mdogo waweza kuwa na ndege chache tu kwa siku, na Jumamosi na sikukuu hupungua zaidi. Ajue kwanza ndege ya mwisho ya kwenda mji ule huondoka saa ngapi, ndipo achague ndege kubwa itakayomfikisha mapema.

Tatu, ahesabu foleni mbili. Pasipoti hukaguliwa katika uwanja wa kwanza anapoingia nchi za mapatano ya Schengen. Anayepitia Amsterdam hukaguliwa Amsterdam, wala si Oslo. Lakini Norwe haimo katika Umoja wa Ulaya, kwa hiyo mambo ya forodha bado yapo. Pengine abiria hutakiwa kuchukua sanduku lake Oslo, kupita forodha, kisha kulikabidhi tena kwa safari ya ndani. Siku anapokabidhi mzigo nyumbani aulize: nitaupokea wapi?

Nne, asome jina la uwanja lote. Uwanja mkuu wa Oslo ni Gardermoen, uliochukua kazi hiyo mwaka 1998. Lakini upo mwingine uitwao Torp, karibu na Sandefjord, ambao watu huutaja kwa jina la Oslo, nao uko mbali na Oslo zaidi ya kilomita 100. Kadhalika uwanja wa Skavsta hutajwa kwa jina la Stockholm, nao uko mbali kama kilomita 100. Mtu akishuka Torp na ndege yake ya pili iko Gardermoen, saa mbili hazitamfaa kitu.

Tano, aangalie kama Oslo ni lazima. Kutoka Amsterdam na Copenhagen kuna ndege zinazofika moja kwa moja Bergen, Stavanger na Trondheim. Kila ndege inayopunguzwa katika safari ni hatari moja iliyopungua.

Sita, asome saa vizuri. Tikiti haziandikwi kwa saa zetu. Ikiandikwa 07.10 ni saa moja na dakika kumi asubuhi, ikiandikwa 19.10 ni saa moja na dakika kumi usiku. Kila saa iliyoandikwa ni ya mahali ndege ilipo. Wakati wa baridi Norwe iko nyuma yetu kwa saa mbili, na wakati wa joto kwa saa moja.

Saba, aheshimu majira. Huko Tromsø, tangu mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari, jua halichomozi kabisa. Mabawa ya ndege humwagiwa dawa ya kuyeyusha barafu kabla ya kuruka, na hilo nalo lataka muda. Basi kama jambo haliwezi kungoja, awe ni mgonjwa, mtihani au arusi, atoke mji mdogo siku moja kabla, alale Oslo.

Mtu atasema: kulala Oslo ni ghali. Ndiyo, ni ghali. Lakini mimi nimekwisha kuona hesabu ya upande wa pili, na fedha tuliyoiokoa siku ile haikununua hata dawa, kwa maana mzee hakuwahi kuinywa.

Mwaka jana kijana alituma habari kwamba atakuja kwa Noeli. Nilimsomea mama: tikiti moja, siku mbili njiani, usiku mmoja Oslo. Mama akauliza, "Mwalimu, mbona analala njiani kama hana kwao?"

Nikamjibu, "Mama, kawia ufike."

Alifika siku aliyosema, mchana, na kabla ya kula wakaenda wote wawili kaburini.